Daftari la Meli Zilizotekwa

Al-Murabba,
Riyadh, Saudia.
28 Machi 2025.

Mpendwa Mjomba Hezron,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, magoti yamekuruhusu kutembea hadi soko la Kirumba, na lile sikio la kushoto halijazidi. Mama Jael naye hajambo? Presha yake imetulia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Huku Ramadhani inaishia. Sisi Wakristo wa karakana tunakunywa maji kwa kujificha nyuma ya mbao, kwa adabu, kwa hiyo tumefunga nusu.

Barua ataileta Roselyne, nesi wa kwetu Sengerema anayefanya kazi hapa Riyadh. Anakuja likizo ya Sikukuu. Amebeba pia kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha bluu. Tafadhali usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kunilaani, nilaani.

Kazi yangu unaijua: tunatengeneza modeli za meli za zamani, zile za matanga na mizinga, zinawekwa kwenye mahoteli na kumbi. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, imeandikwa seremala, lakini karakana nzima huniita muhandisi. Sikusomea uhandisi wowote, mjomba. Nilisoma daftari lako.

Ndiyo, lile jeusi, nene la kwaya mbili, la meli za vita zilizotekwa. Halikufungiwa karanga wala halikuliwa na mchwa. Lilikuwa ndani ya begi langu, katikati ya suruali mbili, siku ile ya Januari 2018 uliponisindikiza stendi ukanishika kichwa ukaniombea.

Nilikuomba, ukakataa. Ulisema daftari halitoki nyumbani, nije nilinakili hapo hapo mezani kwako. Ulikuwa na haki. Miaka kumi na moja ulikwenda misheni kila Jumamosi kukitazama kitabu cha padri ambacho hukuruhusiwa kutoka nacho. Na hukuchora picha tu. Vipimo ulivikokotoa mwenyewe, ili mtu mwenye randa na kisu aijenge meli nzima mezani. Mimi nilikuwa na wiki mbili kabla ya safari, na uvivu wangu unaujua. Nikajiambia nitalirudisha likizo ya kwanza.

Lakini uongo uliwahi kuliko likizo. Bosi wetu, Abu Majid, alizipekua zile kurasa, akauliza nani kachora. Nikasema mimi. Kesho yake nikanunua wembe, nikakwangua jina lako kurasa zote thelathini na nane, maana ulikuwa umetia sahihi kila ukurasa, pembeni, chini ya maelezo yako. Sikusita hata kwenye ukurasa mmoja. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Wiki ileile niliyosafiri, dada Jael alikuwa amemuuzia yule mama wa karanga wa pale kona lundo la magazeti na madaftari yake ya shule, ya kufungia. Ukaunganisha moja na moja, ukaamini ameliuza na daftari lako. Nani angekulaumu? Halafu ukanipigia simu, ukaniuliza, “Onesmo, wewe hukuliona?” Nikajibu, “Sikuliona, mjomba.”

Kwa jibu hilo binti yako alifanyiwa send-off baba yake hayupo. Nasikia siku hiyo ulishinda uani ukiranda mbao ambayo haikuwa ya mtu, Mama Jael akaenda peke yake. Majirani wakamwita Jael “Karanga”, na jina likamganda. Sasa ana mtoto wa kiume wa miezi mitano, na hujamshika hata mara moja. Mimi habari zote nilikuwa nazipata kwenye simu, najibu kwa vikatuni vya machozi. Machozi ya simu hayana gharama.

Nikueleze lililonifikisha hapa. Januari hii tulipewa kazi ya Jeddah, ukumbi mpya karibu na bahari, nao walitaka meli zilizotekwa peke yake. Nikachagua Swiftsure, uliyokuwa ukiipenda kuliko zote. Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia mimi na Jael huku vumbi la mbao limekujaa nyusi? Kwamba Wafaransa waliiteka kwa Waingereza mwaka 1801, wakaiacha na jina lake lakini wakaitia bendera yao. Waingereza nao wakajenga Swiftsure nyingine. Ikaja vita kubwa ya Trafalgar, na zote mbili zilikuwamo, kila moja upande wake. Waingereza wakaichukua tena ile ya kwanza, ikarudi kwao na kukuta jina lake limeshapewa mwenzake. Wakaipa jipya, na mwisho wakaifanya jela ya mateka. Wewe ulikuwa unacheka hapo. Jael peke yake hakuwa anacheka. Aliwahi kukuuliza kama waliojenga ile ya kwanza waliwahi kuambiwa imekwenda wapi.

Meli niliijenga hapa Riyadh, ambako hewa ni kavu hata midomo inapasuka. Ilitoka nzuri, nikaringa. Tukaipeleka Jeddah, tukapanga chumba mtaa wa Ghulail mimi na Hashim, mpaka rangi wetu kutoka Unguja, tukaiweka kwenye kabati la kioo pamoja na kadi: “Michoro na ujenzi: Onesmo.” Wiki ya pili mbao zimenyonya unyevu wa bahari, zimevimba, zinasukumana. Ubavu mzima ukafumuka kwenye maungio, kamba za milingoti zikajikaza mpaka mlingoti mmoja ukakatika. Mwenye ukumbi alikuwa anatembea huku na huku anashika kichwa.

Hashim akaniambia, “Hebu tazama buku lako, ndugu yangu. Mtu aliyechora namna hii hawezi kusahau unyevu.”

Nikafungua ukurasa wa Swiftsure. Pembeni palikuwa peupe, karatasi imekonda mpaka taa inapita. Ndipo maneno yako yakanirudia kama ulivyokuwa ukiyasema: mbao ikae wiki tatu mahali meli itakapoishi, ndipo uikate. Wembe ulikuwa umepita na jina, ukapita na onyo. Nilikaa chini pale pale kwenye marumaru, nikalia, watu wananitazama. Hashim alidhani nalilia meli.

Nilimwambia yote siku ile ile. Hakunipigia kelele, alisema tu, “Basi na mwenyewe aambiwe.” Tukakaa Jeddah mwezi mzima, tukaifumua meli na kuijenga upya kwa mbao zilizokaa pale wiki tatu, kama ulivyoagiza. Safari hii ilitulia.

Niliporudi Riyadh nikaenda kwa Abu Majid nikiwa nimeshafunga begi langu kabisa. Nikamweleza kwamba michoro ni ya mjomba wangu, fundi Hezron wa Mwanza, na kwamba niliiba. Alikuwa anakunywa gahawa baada ya futari. Akasema, “Halas, andika jina lake. Mafi mushkila. Yalla, kafanye kazi.” Yaani imekwisha, hakuna tatizo. Basi, mjomba. Ndilo jambo nililokuwa nikiliogopa miaka saba. Nilimtoa Jael kafara nisije nikaambiwa “halas”.

Kadi ya Jeddah imeshabadilishwa, picha yake nimeiweka ndani ya kifurushi. Majina niliyoyakwangua nimeyaandika upya kwa penseli, yote thelathini na nane. Mwandiko ni mbaya, kwa sababu karatasi imekonda, penseli inaitoboa. Maelezo ya pembeni yaliyokwenda na wembe sikuthubutu kuyaandika upya. Hayo aliyekuwa akikaa chini ya meza yako akiyasikiliza kuliko mimi ni Jael, na naamini anayakumbuka yote.

Ndiyo maana naomba kifurushi usikifungue peke yako. Kipeleke kwake Buhongwa. Pasaka hii mtoto anabatizwa, na jina aliloliandikisha kanisani ni Hezron. Aliliandikisha kabla sijakiri lolote, mjomba, wakati bado anaitwa Karanga kwa ajili yangu. Mimi sikuombi msamaha leo. Mwanzie Jael, mwenye haki, nikibakiwa na masalio nitashukuru.

Nisalimie Mama Jael, umwambie begi alilonishonea bado ninalo, ingawa nilianza nalo vibaya. Nisalimie na mzee Dancan jirani, na wote wa jumuiya wanaoniulizia. Salamu za Jael sikupi uzifikishe kwa mdomo, zifikishe kwa miguu. Mungu akupe nguvu ya kupanda kile kilima cha kwake, na mikono ya kumpokea mjukuu.

Jambo la mwisho. Jael nilimpigia juzi nikamwambia ukweli wote. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata ningeyapenda. Nilisikia tu mtoto analia nyuma yake. Halafu akaniuliza swali moja tu: “Baba ameshajua?”

Sasa umeshajua.

Wako akupendaye, na aliyekukosea,
Onesmo.