Salamu za kaburini

Agape, usinipigie, nimejificha kwenye choo cha wodi. Soma tu.

Unakumbuka ile hotuba niliyokuwa naifanyia mazoezi mbele yako? Ya vitabu vya magonjwa ya akili vya enzi za mkoloni, vilivyosema akili ya mtu mweusi ni ya kitoto? Asubuhi nimeitoa. Darasa zima likapiga makofi. Kichwa kikavimba.

Mchana tukaingia wodi ya magonjwa ya akili, nikapewa bibi mmoja wa Gonja nimhoji. Akaniambia kila asubuhi anakwenda kwenye kaburi la mumewe, pale migombani, anamsalimia na kumpa habari za nyumbani.

Unajua nilimwambia nini Dokta Koleta, mwalimu wetu, bibi mwenyewe akisikia? "Anaongea na wafu. Imani za kizamani zimempanda kichwani. Aanzishiwe sindano za wazimu."

Sindano, Agape. Kwa salamu. Na aliyesema ni mimi.

Dokta akaniuliza taratibu, "Kwenu wapi?" Nikasema Suji, milima hiyohiyo ya bibi. "Ulipokuja chuo, uliagaje?"

Wewe ulikuwepo, si ulinishikia begi? Nilisimama kwenye kaburi la babu nikamwambia naenda kusoma, anisaidie kwenye mitihani.

Nikasema ukweli. Dokta akasema, "Basi tuagize sindano mbili."

Wodi nzima ikacheka, na bibi naye. Nikacheka pia, ningefanyaje.

Halafu bibi akanishika mkono. "Mjukuu wangu, mimi nimekuja kwa sababu silali. Mbona hujaniuliza kwa nini?"