Simu Inataka Nimtaje Baba Mkwe

Alhamisi, Gikondo. Mvua tangu asubuhi. Nyundo za gereji zimenyamaza, ila roho yangu yenyewe haijanyamaza.

Na ikasema tena, si ulisikia? "Hongera kwa kutembea!" Mara ya tatu hiyo. Hongera, mimi! Mimi ambaye jana kutoka kitandani mpaka chooni nimeshika ukuta kama mwizi.

Andika hivyo hivyo, Diane. Usinitengenezee maneno yakawa mazuri. Diane ni mke wa mtoto wangu, ndiye ananiandikia, maana mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ndizi kichwani. Anasema haya yanakwenda kwenye blogu yake, daftari lisilokuwa na karatasi. Haya. Wewe daftari usiyekuwa na karatasi, leo nina hasira, nisikilize.

Hiyo iliyonipa hongera ni simu. Si simu yenyewe, ni kile kitu wamekitia ndani. Kuna binti anaitwa Sandrine, ofisi yake iko Kagugu, alikuja pale ukumbi wa kanisa akatukusanya sisi wazee. Anavaa suruali lakini ana heshima, anasalimia kwa mikono miwili. Akasema, mukecuru, ndivyo huku tunavyoita bibi kizee, tunatengeneza kitu cha kuwasaidia nyinyi msiosoma. Hakuna kuandika. Unaongea tu, unasema unaumwa wapi, yenyewe inakutafutia daktari, inakupa randevu, siku ya kumwona. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga sana, mpaka mwenzangu Mama Furaha akanikanyaga akasema, "Dada, hujapona bado."

Na chai walitupa, na mandazi. Mandazi mazuri, ila sukari kidogo. Lakini si hiyo habari.

Habari ni kwamba mimi naumwa. Kushoto, chini, pamevimba panang'aa kama mbilingani. Usiku panawaka moto, mchana pazito. Na kule kliniki yuko daktari wa mishipa anakuja mara moja kwa mwezi, anakuja wiki ijayo, na orodha yake inafungwa leo jioni. Leo. Nikikosa leo, nangoja mwezi mwingine na hii mbilingani yangu.

Sasa simu inaniuliza: "Unaumwa wapi?"

Na mimi siwezi kusema.

Si kwamba sijui. Sikiliza vizuri, maana hapo ndipo waliniudhi. Najua. Lakini lile neno, kwa Kinyarwanda, ndilo jina la baba mkwe wangu. Na sisi tulioolewa kizamani hatumtaji baba mkwe. Inaitwa gutsinda. Jina lake halitoki kinywani mwako, na neno lolote linalofanana nalo halitoki, unatafuta lingine. Jirani yangu wa zamani, baba mkwe wake jina lake lilikuwa maji, kamili. Alikunywa "vya kisimani" mpaka akafa.

Diane, liandike wewe. Mimi sisemi.

(Ni mimi Diane. Aliitwa Maguru. Ndiyo miguu.)

Umeandika? Haya. Usinisomee.

Basi mimi tangu niolewe nasema vitembeo. Kitembeo cha kulia, kitembeo cha kushoto. Meza ina nguzo. Mbuzi ana mapaja manne. Watoto wangu walikua wakijua mama ndivyo anavyoongea, wajukuu wanacheka, sijali. Hakuna mtu aliyewahi kushindwa kunielewa. Hata daktari. Daktari unamwambia hapa, unaonyesha kwa kidole, kwisha. Daktari ana macho. Hii ya Sandrine ina masikio peke yake.

Nikaiambia, kitembeo cha kushoto kinauma. Ikafikiri, ikazunguka kale kaduara kake. "Umesema unatembea. Hongera kwa kutembea! Endelea hivyo."

Yewe!

Utaniuliza kwa nini nisiongee Kiswahili tu. Si ndicho nilichochagua! Sandrine alisema ziko lugha tatu, chagua, nikasema moyoni, Mungu ni mwema, nitapitia kwa Kiswahili. Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania, Kiswahili ni cha utotoni, neno lao ni lingine. Nikafungua mdomo niseme. Ukakataa. Maana kule Karagwe, ndiko nilikoolewa pia, majirani Wahaya walishalijua jina la mzee maana yake nini, wakaligeuza kwa Kiswahili, wakawa wanamwita hivyo kijiji kizima. Mzee… Diane, tia hapo.

(Mzee Miguu.)

Kwa hiyo huku ukuta, huku ukuta. Wahaya wamenifungia mlango miaka yote hiyo iliyopita bila kujua.

Diane akasema, Mama, nipe mimi nitasema. Akasema. Simu ikamjibu, "Sauti hii haitambuliki. Tafadhali mwenye jina aongee." Wameweka hivyo ili mtu asiniibie randevu. Nani ataniibia uvimbe?

Akasema, basi Mama sema goti. Goti langu ni zima! Ukiumwa jino utasema sikio? Nianze kumdanganya daktari kabla hajaniona?

Na ubaya wa hiyo kitu, yenyewe inalitaja. Bila haya! Inasema, unaweza kusema kichwa, tumbo, mgongo, halafu inalitaja lile neno, inalitaja kama inaita paka. Nikasema, ndiyo, hicho hicho ulichomaliza kusema. "Samahani, sijakuelewa." Hujanielewa vipi, na wewe ndiye umesema?

Mama Furaha naye ana yake. Yeye amekulia Burundi, ulimi wake hauchagui, r na l kwake ni mapacha. Halali usiku, presha. Akaiambia, "Sirari, mwanangu, sirari kabisa." Ikamwambia, "Umesema siri. Tafadhali taja namba yako ya siri." Akaitaja! Mbele ya ukumbi mzima! Tulicheka mpaka mapadri wakachungulia. Sasa anatafuta mtu wa kumbadilishia.

Lakini nilicheka siku ile. Leo sicheki.

Jumatatu nilienda kliniki mwenyewe, kwa moto, yaani pikipiki, na dereva alinifunga ile kofia ngumu mpaka masikio yakalala. Dada wa mapokezi akatazama kompyuta yake akasema, hapa imeandikwa unatembea vizuri, na umepangiwa kundi la wazee la mazoezi, Jumamosi, mnatembea kupanda mlima. Kupanda mlima! Nikamwinulia kitenge nikamwonyesha. Akaweka mkono mdomoni. Akasema, pole sana mukecuru, mimi naona, lakini siwezi kubadilisha hapa, inabadilika kwa sauti yako mwenyewe kwenye simu. Anaona kwa macho yake mawili, na kompyuta ndiyo inaaminiwa. Nikashusha kitenge. Niliona haya, daftari. Kumwonyesha mtu uvimbe wako halafu akatazama kioo.

Sasa nakuungamia kitu.

Sandrine aliniuliza. Siyo kwamba hakuniuliza, nisimsingizie. Siku ile ukumbini alichuchumaa mbele yangu akasema, "Mukecuru, mbona hilo neno hulisemi?" Na mimi nikacheka cheka kama msichana. Nikamwambia, sijui.

Sijui! Mtu mzima.

Niliogopa. Yeye kasoma, mimi sikusoma, nikaona nikimweleza habari za baba mkwe ataniona wa porini, atasema hawa wazee bado na mambo yao. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Diane alikuwa nyuma yake, akasoma, akaja kuniambia nyumbani. Diane, iliandikwaje?

(Iliandikwa: "Hajui majina ya sehemu za mwili.")

Umesikia. Nimezaa watoto sita. Nimeosha maiti za watu. Nimekanda wazazi Karagwe na hapa Gikondo, nimeshika kila sehemu ya mwili uliyonayo wewe na Sandrine. Halafu sijui majina.

Tangu siku ile silali vizuri, na mimi l yangu ni nzuri.

Nilimuuliza Sandrine siku hiyo hiyo, mbona hamkuweka picha, mtu aguse? Akasema waliweka. Walipeleka Ndera kwa akina mama wakulima, wakawaonyesha picha ya kitembeo kimoja, peke yake, hakina mtu. Akina mama wakaruka. Wakasema huyu amekatwa, nani amemkata? Hakuna aliyetaka kugusa. Basi wakatoa picha zote, wakabaki na sauti. Nikasema moyoni, si mngechora mtu mzima? Mtu mzima na kichwa chake, amevaa kitenge, anacheka kidogo, unamgusa panapouma. Lakini sikusema. Nilikwisha kumwambia sijui, nani angenisikiliza.

Diane ananiambia kila siku, Mama, sema tu mara moja. Mzee amekufa zamani, hata mwanawe, mume wako, ameshamfuata, nani atasikia? Ni simu. Hata juzi alikasirika akasema, "Utakufa na huo uvimbe kwa sababu ya neno moja?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwao hawakufundishwa. Samahani kwa hilo, Diane. Liandike pia, samahani.

Lakini sijawahi kukueleza. Unadhani ni mila tu, kama mtu anayekataa kula kondoo. Siyo mila tu.

Nilipokuwa na uchungu wa mume wako, mtoto alilala vibaya, siku mbili. Mkunga akasema hapa mimi nimefika mwisho, mpelekeni misheni. Misheni ilikuwa mbali, mlima unashuka, mlima unapanda. Gari hakuna. Wakanilaza kwenye ingobyi, kile kitanda cha kusuka, wanaume wanne wanakibeba begani. Na baba mkwe akashika mbele. Watu wakashangaa. Baba mkwe na mkaza mwana hawakai hata mkeka mmoja, sembuse anibebe nikiwa katika hali ile. Wakamwambia, mzee, toka, vijana wapo. Hakutoka.

Wale wengine walibadilishana, njia nzima walibadilishana. Yeye hapana. Mimi nimefunikwa shuka usoni, nasikia pumzi yake tu. Kwenye mlima wa mwisho wakamwambia tena, mzee, utaanguka, weka chini. Nikasikia akisema, na hayo maneno sijayasahau mpaka leo:

"Hili jina nimelibeba bure tangu nizaliwe. Leo ndiyo kazi yake."

Tulifika. Mume wako alizaliwa akiwa wa bluu, akalia jioni.

Na mzee hakuwahi kulisema tena jambo hilo, na mimi sikumshukuru, maana ningeanzia wapi, hata kumwangalia usoni nilikuwa simwangalii. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa ni hicho. Nisimtaje. Nimempa hicho tangu siku ile, asubuhi na jioni, kila ninapoita nguzo ya meza. Sasa nikitoe leo, nikipe kidude kinachoniambia hongera?

Diane.

Mbona umeacha kuandika?

Futa macho, mvua inatosha. Haya, nisomee tulipofika, tangu juu, nione kama hujapunguza. Nasikia. Endelea. "Ndilo jina la baba mkwe wangu." Endelea, "Diane, liandike wewe, mimi sisemi," na hapo ndipo uliandika, haya, soma, sasa sikukatazi.

Soma.

Umeruka! Umeruka pale, nimekusikia. Ulikuwa unalitaja jana asubuhi ukipepeta mchele, unalitaja kama jina la mbwa, leo umeruka.

Ee, Diane wangu. Asante. Lakini sasa umeniharibia! Sandrine anakuja leo, si alisema anakuja kunirekodi mara ya mwisho kabla orodha haijafungwa? Mimi nilikuwa nimepanga wewe ndiye umwambie. Nilisema, yeye atalitaja, mimi nitatazama pembeni. Sasa na wewe ukinyamaza, nyumba nzima ina mabubu wawili. Nani atamwambia?

Nani huyo getini? Sikiliza.

"Mwiriwe! Mukecuru arahari?"

Ndiye. Kwenye mvua hii, maskini. Nipo, mwana wanjye, nipo, ingia, usisimame hapo maji yanatoka kwenye bati!

Leo simwambii sijui. Nitamwambia habari ya ingobyi, yote, mpaka mlima wa mwisho. Jina atalipata mwenyewe, ana akili, nimeiona machoni. Na nitamwambia achore mtu mzima.

Acha kuandika, Diane. Nipe fimbo. Shika hapa, polepole, kitembeo hiki hakitaki… Naja! Naja, mwana wanjye, nakuja.