Kengele ya Baba Mkwe

Ugonile, Lusajo, mume wangu mdogo. Huku Kisondela tu wazima, mvua haikatiki, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kama ile kengele yetu uliyoipiga picha makumbusho ilikuwa ya ng'ombe. Hapana. Baba mkwe wangu aliifunga kwenye fimbo yake, maana kwetu mwanamke haonani wala hasemezani na baba wa mumewe. Nilikuwa nikiisikia inalia, naingia migombani mpaka apite.

Zikaja siku za Ujamaa, tukawa tunapalilia wote shamba moja la mahindi. Siku moja kengele ikalia nyuma yangu, na pa kujificha hapakuwepo. Nikainama, nikafunika uso kwa khanga. Nilikuwa na mimba ya baba yako. Mzee akasimama mbali, akaliambia jembe lake kwa sauti ya kunifikia, "Wewe jembe, umechoka. Nenda kivulini ukapumzike."

Nikaenda. Sijahurumiwa tena vile.

Alikufa sijaijua sura yake. Kwa hiyo picha sizihitaji, mjukuu wangu. Ukirudi huko makumbusho, mwombe mlinzi aitikise kengele kidogo, uirekodi kwenye simu. Nitaisikilizia migombani.

Bibi yako