Nyuzi Kumi na Tatu

Jumatatu, 7 Julai
Baridi. Vidole vigumu kama kuni. Nimefungua duka, nimewasha kompyuta ya majaribio, nimepaka pasta mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Bloki mbili mezani. Moja imetoka ng'ambo, na boksi lake la kung'aa. Nyingine ameichonga mdogo wangu Ramazani kwa tour, ile mashine yake ya zamani ya kuchongea vyuma. Shaba tupu, wiki tatu za kazi. Maji hupita ndani ya bloki na kuondoa joto la prosesa. Itakayopoza vizuri zaidi ndiyo atakayoichukua mhandisi mmoja wa mtaa wa Golf kwa kompyuta zake kumi na mbili za kuchora ramani za migodi. Amesema atafuata namba zangu. Ramazani akiikosa kazi hii, anafunga karakana na kumfuata shemeji yake mjini Sakania kuuza samaki wakavu. Ameshamwambia mama.

Jumanne, 8 Julai
Ya ng'ambo, saa moja asubuhi: nyuzi 58 za joto. Nikaifungua ili nibadilishe. Umeme ukakatika. Umerudi saa nane mchana, bati linachoma kichwa. Ya Ramazani: 71.
Nyuzi kumi na tatu! Nimeona aibu kwa ajili yake. Hasira pia. Wiki tatu za kujigamba, kumbe hivi.

Jumatano, 9 Julai
Ramazani amekuja. Ameshika bloki yake, ameigeuzageuza, akaniambia mimi dada yake, "Pima tena, yaya. Zote mbili asubui, wakati kuko baridi." Nikamjibu kwamba namba hazina ndugu. Nilijipenda kwa kusema hivyo. Wateja wawili walicheka. Yeye hakucheka.
Nimemtumia mhandisi matokeo.

Ijumaa, 11 Julai
Mhandisi amechukua za ng'ambo. Ramazani amepanda basi la Sakania bila kuniaga. Mama hanisemeshi. Akitaka chumvi anaomba kwa jirani, na yetu iko mezani. Nimekosa nini? Nimesema ukweli. Ukweli unauma, basi uume.

Jumatano, 16 Julai
Bloki ya kompyuta ya duka imeanza kuvuja. Nimefunga ya Ramazani, aliyoiacha mezani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Saa moja asubuhi: 54. Nikadhani kipimo kimeharibika. Nikachukua kingine. 54. Nikasubiri. Saa nane, bati likichoma: 71.
Nimekaa sakafuni. Moja niliipima kwenye baridi, nyingine kwenye joto, na joto la chumba sikuliandika popote. Kosa la mtu anayeanza kazi. Mimi nina miaka kumi na moja ndani yake. Mjinga. Mjinga mwenye maneno matamu. Tena aliniambia! Alinipa jibu mkononi, mimi nikawa natafuta kuchekesha wateja.

Alhamisi, 17 Julai
Nimekwenda Golf. Nimemwambia mhandisi kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu, akaniletea juisi. Bloki zimeshafungwa, kompyuta zinafanya kazi, hafungui tena. "Ça arrive, madame," yaani hutokea. Kwake ni jambo dogo. Nimemchukia mpaka getini. Halafu nikakumbuka kwamba si yeye aliyepima.
Mama nimemwambia pia. Ameendelea kuchambua sombe, majani yake ya mhogo.

Jumapili, 20 Julai
Nimempigia Ramazani. Nimesema yote, bila kujitetea. Yake ilishinda kwa nyuzi nne, mimi ndiye niliyekosea. Nyuma yake watu walikuwa wanabishana bei ya samaki. Kisha akasema tour ameshaiuza, mnunuzi ameibeba jana.
Hakunitukana. Ningependa anitukane.
Akauliza, "Mama alikula?"
Nikasema amekula ugali wa bukari na sombe, amemaliza.
"Muzuri," akasema, akarudi kwa wateja wake.