Spika za Nyuma, Ukutani kwa Mama Mkubwa

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Agosti, 2003

Mpendwa kaka Ramadhan,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Maskati, na joto lake? Shemeji Mwanaidi na watoto wazima? Sisi wazima, ila mimi nimezidi uzima! Kaka, bahati imenivamia hadharani. Mzee Devendra wa Upanga, mteja wangu wa siku zote, anahamia Uingereza, kaniachia muziki wake wa sinema: spika tano, na ya besi kubwa kama pipa. Bure! Siku hizi mtaa mzima unaniita Mkurugenzi.

Mama mkubwa, mzazi wako, hajambo. Bado yumo ndani ya eda tangu tumzike baba, chumba kilekile, ukuta mmoja na sebule yangu. Mke wangu Zamda humpelekea uji, wanacheka wee.

Sasa nipe ushauri. Anselmi muuza kanda kanitia maneno: "Mkurugenzi, bila spika mbili za nyuma hiyo ni redio tu imevaa suti!" Na nyuma penyewe ndio ukuta wa mama. Nikaenda kumwomba nitoboe. Nilitegemea matusi, maana Jumapili mabomu ya sinema yalimwangushia vikombe kabatini.

Wapi! "Toboa, mwanangu," akasema. "Ila moja nigeuzie huku. Kutoka siwezi, angalau nisikie mawaidha ya Ijumaa." Akainua mikono, akaniombea, mimi na mali yangu. Zamda anasema ndivyo afanyavyo kila sala, na jina langu, mimi mtoto wa mke mwenzake, hutangulia lako wewe uliyetoka tumboni mwake.

Kaka, tangu hapo sijatoboa hata tundu moja. Keekee niliyoazima imelala kwenye kochi. Nakaa naangalia ule ukuta, sinema sitaki.

Basi siongezi. Nimempelekea mama redio yangu ndogo ya betri. Akaigeuzageuza. "Mkurugenzi mzima, na muziki wote ule, ndiyo unaniletea hii?" Mimi, mwenye maneno kama mnada wa samaki Feri, nikainama kumtafutia stesheni.

Zamda anakusalimu, na Anselmi pia. Mungu akuzidishie riziki ya halali, akurudishe salama umwone mama.

Ukimpigia simu, mwambie apunguze kuniombea. Mimi ulimi umenishinda. Mzee Devendra haendi Uingereza wala Kigamboni. Muziki ni wake. Aliuleta niutengeneze, umeshapona, na Jumamosi ijayo anakuja kuuchukua. Nimemdanganya mama, na hapo juu nimekudanganya na wewe.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye na aibu zangu,
Abdulmajid