Migomba Tuliyoikata Siku ya Msiba Wako

Ambakisye mwanangu,

Ugonile? Aliye kaburini haulizwi kama amelala salama, najua, lakini mdomo umezoea. Kila asubuhi nilikusalimia hivyo dirishani kwako, nawe unaitika huku umeshashika panga. Mwandiko wangu uuvumilie. Mimi niliishia darasa la tatu, na aliyekuwa ananiandikia barua ndiye wewe.

Nina hasira na wewe, nianzie hapo. Nilikwambia nenda hospitali. Ukasema, "Ni malaria tu, mama, acha nimalize safu hii ya kakao." Ukaimaliza. Nayo ikakumaliza.

Sasa sikiliza habari za safu hiyo. Miche yako sitini ya kule shambani Busale, ile uliyoipanda katikati ya migomba, tumeiua sisi.

Siku ya msiba watu walijaa, wa Ndandalo, wa Itungi, hata wasiokupenda. Wakaingia shambani kwako na mapanga. Majani ya migomba ya kukalia, majani ya kufunikia vyungu, majani ya kupakulia chakula. Na ndizi za kuwalisha nazo, kila mkungu ukishuka na mgomba wenyewe uko chini. Siku tatu. Walipoondoka nikaenda kuangalia. Mbingu ilikuwa imeingia shambani mpaka chini. Tangu uanze kulima pale sijawahi kuiona mbingu nikiwa ndani ya shamba lako.

Kiangazi nacho hakikutuhurumia. Majani ya kakao yalianza kukauka pembeni, yakawa kahawia, yakadondoka. Nikatukana kila mtu. Baba yako mdogo Anyosisye nilimwita nzige mwenye suruali, na mbele ya wajukuu.

Lakini wewe nitakwambia, maana huwezi kwenda kusema. Anyosisye aliuliza kwanza. Alisimama pale uani akasema, "Shemeji, hii migomba si ndiyo kivuli cha kakao?" Nami, wanawake wote wa kanisa wananitazama, nikasema, "Kateni! Mwanangu hakuwa maskini. Watu hawatakaa kwenye vumbi." Kateni. Neno langu hilo, halikutoka kinywani mwa mwingine.

Na nilikuwa najua! Hilo ndilo linaloniuma. Ulinifundisha mwenyewe, ulipotoka kwenye mafunzo ya bwana shamba, ukanisumbua wiki nzima. "Jani ni jiko, mama. Maji yanapanda kutoka kwenye mizizi, hewa inaingia kwenye jani, jua ndio moto." Nikakuuliza jiko gani hilo halina moshi. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukanionyesha majani ya mche yanavyopanda kwa kulizunguka shina, hakuna linalomkalia mwenzake kichwani, kila moja lipate jua lake. Nikasema wangekuwa wajukuu zangu wangeshapigana. Kisha ukasema kakao moto wake ni mdogo. Jua likizidi, jani linaungua, na mche hauna pa kupikia. Mimi nimepika tangu utoto, Ambakisye. Nani wa kuniambia moto mkali unaunguza?

Basi nilikata makuti ya michikichi, nikayachomeka kuzunguka kila mche, na magoti haya. Maji nikabeba kichwani. Anyosisye akapita akasema, "Shemeji, unamwagilia vijiti. Ng'oa tupande mahindi." Nikamwambia apande mahindi kwenye ukumbi wa nyumba yake.

Mvua zilipoanza, kumi na tisa ikachipua. Ee Kyala, Mungu wangu, nilivyofurahi! Kesho yake nikakuta majani mapya mekundu, laini kama kitambaa kilicholowa, yananing'inia yote yakitazama chini. Nikajua yanakufa. Nikashika mche wa kwanza niung'oe, mkono ukasimama. Nikakusikia: "Usiguse, mama. Jani la kakao likiwa changa linainama kukwepa jua. Likikomaa litajinyanyua lenyewe."

Nikangoja. Jumapili ya tatu yalikuwa yamenyanyuka, ya kijani, magumu. Nikakaa kwenye tope nikakugombeza kwa sauti, hadi waliokuwa wanapita njiani wakasimama. Jani, mwanangu! Jani lisilo na akili linajua kuinama likiwa dhaifu. Wewe, mtu mzima mwenye homa, ukashindwa kulala kitandani siku mbili?

Sijakusamehe. Na mimi sijajisamehe, tuko sawa.

Nimepanda migomba mipya pale pale. Juzi niliwaita wote, Anyosisye, mkeo, wale wanawake wa kanisa, nikawaambia msiba wangu hautakata jani hata moja Busale. Watakalia mikeka. Asiye na mkeka asimame. Wakanong'ona kwamba bibi amekuwa bahili, kwamba nitazikwa kama mtu asiye na shamba. Zamani neno hilo lingenilaza na njaa. Nikawajibu semeni, na mkimaliza mrudie tena.

Kwaheri, mkaidi wangu. Ndaga, asante, kwa yale uliyonifundisha, ingawa niliyasikia nimechelewa. Kumi na tisa yako nitaitunza mpaka mikono ikatae. Na siku wakinileta hapo ulipo, usiulize wageni wangu wamekalia nini. Uliza kama kule Busale, mtu akisimama katikati ya shamba, bado haioni mbingu.

Mama yako.