Mistari Myekundu ya Yaya Ilunga

Yaya Ilunga, mkubwa wangu,

Wameifuta kompyuta yako. Nakuambia mapema kwa sababu sina nguvu ya kuzunguka.

Kilio kilipoisha, familia ilikaa kugawana vitu vyako. Nguo zilifuliwa kwanza, kama kawaida. Kompyuta nayo, baba yako mdogo akaipeleka kwa fundi ikafutwa kila kitu, kisha akapewa binamu yako. "Bintu ya mufu banasafishaka kwanza," aliniambia, tena kwa upole, kwamba vitu vya marehemu husafishwa kwanza. Nilikaa chini palepale uani nikalia upya. Programu ya dawa tuliyokuwa tunaitengenezea zahanati ya Katuba ninayo kwenye flashi. Lakini ile skripti yako, iliyokuwa ikipaka mistari rangi kwenye kihariri tunachoandikia programu, ilikuwa kwenye kompyuta yako tu.

Unakumbuka ulivyonicheka wakati unanifundisha kazi? Mimi nilitaka zambarau na waridi, kama kitenge cha harusi. Wewe ulitaka kimoja tu: kila mstari wenye kipimo cha dawa ya mtoto uwe mwekundu. "Rouge ni ya kusimama, Numbi. Ata unajua, simama kwanza."

Tangu siku ile herufi zote zikawa nyeupe, Yaya. Nyeupe tupu. Muuguzi anaisubiri programu, nami naogopa kila ninapoigusa. Nimejaribu kuiandika upya skripti yako. Mara kila kitu kinawaka, hadi jina la zahanati; mara hakiwaki kitu. Nilikupigia simu, unajua? Kidole kilikwenda chenyewe. Kwa nini uliondoka na malaria ile kabla hujanifundisha hiki kimoja? Nimekukasirikia. Nisamehe. Hapana, usinisamehe, rudi.

Leo asubuhi skripti imekubali. Mistari ya watoto ikawa myekundu, nikapiga kigelegele peke yangu. Kisha nikasimama, kama ulivyosema, nikausoma mmoja. Kipimo cha mtoto mchanga kilikuwa cha mtu mzima. Niliubadilisha mimi mwenyewe juzi, ulipokuwa mweupe, nikidhani ni mstari wa wakubwa.

Sijui mistari mingine niliyoiharibu ni mingapi.

Pumzika, Yaya. Nakuahidi, programu hii haitoki mkononi mwangu mpaka nikae na muuguzi tuisome mistari yote myekundu kwa sauti. Nimekuzika wewe, mtoto wa mtu sitamzika.

Mdogo wako,
Numbi